Safari ya wiki tatu Ulaya na watoto wadogo: Hati hutangulia, mwendo ni wa mtoto

WAZAZI wanaokusudia kuwapeleka watoto wao Bara Ulaya kwa wiki mbili au tatu aghalabu huanza mipango kwa kuhesabu miji: Paris, Roma, Barcelona, Vienna, na pengine London mwishoni. Hesabu hiyo ndiyo huharibu safari nyingi. Mtoto wa miaka mitano hahesabu miji. Yeye huhesabu saa alizokaa kitini, vitanda vigeni alivyolazwa na mara alizoambiwa asubiri.

Safari ya aina hii hugharimu akiba ya miaka. Familia ikinyimwa viza baada ya kulipia malazi yasiyorejeshewa fedha, au mtoto akipandwa na homa mahali ambapo daktari hajui alikotoka, hasara yake haiishii mfukoni. Ndiyo maana mpango mzuri hushikilia kanuni mbili: hati hutangulia malipo, na ratiba hufuata mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote.

Maelezo yafuatayo yanaihusu familia inayosafiri kutoka Kenya wakati wa likizo ya Agosti. Mfano utakaotumika ni wa wazazi wawili walio na watoto watatu: wa kwanza ana miaka 9, wa pili miaka 5, na kitindamimba ana mwaka mmoja na miezi minane.

Kuchagua majira

Shule za Kenya hufungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka. Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu zaidi, lakini huangukia kipindi cha baridi kali Ulaya. Mjini Amsterdam, siku za katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kutua mwendo wa saa kumi na nusu jioni. Mzazi hulazimika kununua makoti, glavu na viatu vizito ambavyo mtoto atakuwa amevizidi kimo kabla ya mwaka kupita.

Aprili ina hali ya hewa ya wastani, ingawa mvua na baridi haviko mbali, na Sikukuu ya Pasaka hujaza treni na hoteli. Agosti ina siku ndefu na joto, ila bei hupanda kwa kuwa Wazungu wenyewe wako likizoni. Nchini Italia shughuli nyingi husimama karibu na sikukuu ya Agosti 15, na mjini Paris baadhi ya maduka madogo ya mikate na vyakula hufungwa wenyewe wakienda mapumzikoni.

Likizo ya Agosti kwa kawaida huwa ya takriban wiki tatu. Si busara kuitumia yote ugenini. Safari ya masiku 18 humwachia mtoto siku mbili tatu za kulala kwake na kuandaa sare kabla ya muhula wa tatu kuanza.

Jambo moja huwapa nafuu wasafiri wa Kenya. Wakati wa kiangazi, saa za Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa huwa nyuma ya Nairobi kwa saa moja tu, hivyo mwili hausumbuki kama wa msafiri anayeelekea Marekani. Tatizo ni mwanga. Mwanzoni mwa Agosti jua la Paris huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Mtoto aliyezoea giza la saa moja hatakubali kwamba ni wakati wa kulala ilhali nje kungali kweupe. Chumba chenye mapazia mazito ni hitaji la lazima.

Wazazi wanaoondoka Nairobi katika baridi ya Julai na Agosti huwabebea watoto sweta kwa wingi, kisha hukutana na joto. Tarehe 25 Julai 2019, Paris ilifikia nyuzi 42.6 za Selsiasi, kiwango cha juu zaidi kuwahi kunakiliwa mjini humo. Nyumba nyingi za kale za Ulaya hazina mitambo ya kupoza hewa. Swali la kumuuliza mwenye nyumba kabla ya kulipa ni iwapo kuna angalau feni. Hata hivyo, sweta moja kwa kila mtoto haikosi kazi, kwani jioni na siku za mvua huweza kuwa baridi.

Paspoti na idhini ya wazazi

Kila mtoto, hata mchanga, anahitaji paspoti yake mwenyewe. Maombi hufanywa kupitia jukwaa la eCitizen, na cheti cha kuzaliwa pamoja na vitambulisho vya wazazi huhitajika. Nchi za Schengen hutaka paspoti iwe imetolewa katika muda wa miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na isalie na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko. Familia nyingi hugundua katika dakika za mwisho kwamba paspoti ya baba ni sawa lakini ya mtoto inakaribia kumaliza muda.

Iwapo mzazi mmoja hasafiri, idhini yake ya maandishi huhitajika ili mtoto apewe viza, na ni vyema iapishwe mbele ya kamishna wa viapo. Mzazi anayelea peke yake hubeba agizo la mahakama kuhusu malezi, au cheti cha kifo ikiwa mwenzake alifariki. Nakala za hati hizi huhitajika tena mpakani, kwa hivyo zisifungiwe ndani ya masanduku yanayowekwa tumboni mwa ndege.

Viza ya Schengen

Schengen ni muungano wa nchi 29 zilizoondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka baina yao. Bulgaria na Romania zilikamilisha kujiunga Januari 1, 2025. Mwenye viza ya muda mfupi huruhusiwa kukaa kwa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180, ila atazame vizuri idadi ya siku iliyoandikwa kwenye viza yake, kwani huweza kuwa ndogo zaidi.

Uingereza na Ireland hazimo. Familia inayotaka kupitia London huhitaji viza nyingine, ada nyingine na muda mwingine wa kusubiri. Tena, ikiwa itatoka Paris kwenda London na kurejea Paris, viza yake ya Schengen sharti iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kwa safari ya kwanza na watoto wadogo, kuiacha London kwa siku nyingine huokoa pesa na usumbufu.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo familia itakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi itakayoingiwa kwanza. Familia itakayolala masiku 5 Uholanzi, 5 Ujerumani na 8 Ufaransa hupeleka maombi kwa Ufaransa, hata kama ndege itatua Amsterdam. Anayepeleka kwa nchi isiyostahili kwa sababu tu foleni yake ni fupi hujitafutia kukataliwa.

Tangu Juni 2024, ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kwa familia ya mfano wetu, hesabu ni 90 mara mbili, kuongeza 45, yaani euro 225, mbali na ada ya kituo cha kupokelea maombi. Fedha hizo hazirudishwi viza ikikataliwa. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole.

Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15. Uamuzi hutarajiwa ndani ya siku 15, lakini huweza kuchukua hadi siku 45. Anayesafiri Agosti aanze kutafuta miadi mwezi Februari au Machi, maana kufikia Juni nafasi huwa adimu.

Maafisa hutaka kuridhika na mambo matatu: kwamba safari ni ya kweli, kwamba familia ina uwezo wa kuigharamia, na kwamba itarudi nyumbani. Taarifa za benki za miezi ya hivi karibuni, barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo, cheti cha usajili wa biashara kwa aliyejiajiri, na barua ya shule inayoonyesha tarehe ya watoto kurejea darasani husaidia kujibu hoja hizo. Fedha nyingi zilizoingizwa kwenye akaunti siku chache kabla ya maombi huzua maswali kuliko salio dogo lenye historia inayoeleweka.

Mwombaji akikataliwa hupewa sababu kwa maandishi na huwa na haki ya kukata rufaa. Kwa kuwa mtoto mmoja akikosa viza familia nzima husalia, malazi yawekwe kwa masharti yanayoruhusu kuyafuta bila malipo. Vivyo hivyo, ni heri kupata ratiba ya ndege iliyohifadhiwa pasipo kulipia tiketi kikamilifu hadi viza zote zitoke.

Bima ya usafiri ni sehemu ya maombi. Sharti igharamie matibabu ya angalau euro 30,000, itumike katika nchi zote za Schengen na ihusu siku zote za safari. Jina la kila mtoto lionekane katika hati hiyo.

Kufikia jamaa walio ng'ambo

Familia nyingi za Kenya zina shangazi au mjomba anayeishi Ulaya, na kufikia kwake hupunguza gharama za malazi. Hata hivyo, barua ya kirafiki ya mwaliko haitoshi kila mahali. Nchini Ujerumani, mwenyeji anayejitolea kugharamia wageni hutia saini ahadi rasmi katika ofisi ya wageni ya mji wake. Nchini Ufaransa, anayewalaza wageni huombea cheti cha ukaribishaji katika ofisi ya meya. Hati hizo huchukua muda, na ya asili ndiyo hutumwa Kenya.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba za ghorofa za Ulaya ni ndogo, mwenyeji huamkia kazini, na Ujerumani majirani hutarajia utulivu kuanzia saa nne usiku na Jumapili kutwa. Familia yenye watoto watatu humfaa mwenyeji wake ikikaa siku nne au tano, ikachangia kapu la sokoni, kisha ikahamia malazi yake.

Kuchora njia

Kila mji mpya hula siku nzima: kufunga mizigo, kufika stesheni, kusafiri, kutafuta nyumba na kuzoea kitanda. Miji sita katika wiki tatu huteketeza siku sita. Vituo vitatu hutosha.

Njia inayofaa familia ya mfano ni pembetatu ya Amsterdam, Köln na Paris. Treni ya moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi Köln huchukua karibu saa tatu. Kutoka Köln hadi Paris ni zaidi kidogo ya saa tatu, pia bila kubadilisha treni. Ndege za moja kwa moja huunganisha Nairobi na Amsterdam na vilevile Nairobi na Paris, hivyo familia huingilia mji mmoja na kutokea mwingine pasipo kurudi nyuma.

Ndani ya kila kituo, ratiba ipangwe kwa nusu siku. Asubuhi iwe ya tukio moja kubwa, alasiri iwe ya bustani na mapumziko. Baada ya kila siku mbili za matembezi, moja iachwe bila mpango wowote. Siku hiyo ndiyo ya kufua nguo, kulala mchana na kuwapigia babu na nyanya simu.

Ndege

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na mzazi na kwa kawaida hulipiwa sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 katikati ya safari, hutakiwa kuwa na kiti chake wakati wa kurudi, jambo ambalo wazazi wengi hugutuka kulisikia kaunta. Vitanda vidogo vya kuning'inizwa mbele ya viti ni vichache na vina kikomo cha uzani na kimo. Huombwa mapema kwa shirika la ndege, wala havisubiriwi uwanjani.

Safari ya kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi Amsterdam au Paris huchukua zaidi kidogo ya saa nane. Ndege ya usiku huwafaa watoto, mradi wazazi wasipange lolote siku ya kuwasili. Maziwa na vyakula vya mtoto mchanga huruhusiwa kupita ukaguzi hata vikizidi kipimo cha mililita 100 kinachotumika kwa vimiminika vingine.

Mipaka ya Schengen imekuwa ikitumia mfumo mpya wa kielektroniki wa kusajili wageni ulioanza hatua kwa hatua Oktoba 12, 2025. Wageni hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ila walio chini ya miaka 12 hupigwa picha pekee. Foleni huweza kuwa ndefu. Maji, kitu cha kutafuna na nepi viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Treni na magari

Nchini Ujerumani, watoto walio chini ya miaka 6 husafiri kwa treni bila tiketi, na wenye miaka 6 hadi 14 husafiri bure katika treni za masafa marefu wakiandamana na mtu mzima, bora idadi yao iandikwe kwenye tiketi yake. Kuna pia tiketi ya jumla ya Eurail kwa wakazi wa nje ya Ulaya, ambayo huruhusu watoto wawili wa miaka 4 hadi 11 kusafiri bure kwa kila mtu mzima. Lakini kwa safari yenye treni kubwa mbili tu, tiketi za kawaida zilizonunuliwa miezi miwili mitatu mapema aghalabu huwa nafuu. Aidha, treni za kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania hudai malipo ya kuhifadhi kiti hata kwa mwenye tiketi ya jumla.

Saa kwenye tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Treni ya 14:25 huondoka saa nane na dakika ishirini na tano mchana, na huondoka kweli. Familia yenye kigari cha mtoto na masanduku ifike stesheni angalau nusu saa mapema.

Anayetaka kukodi gari abebe leseni yake pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa Kenya na chama cha AA. Katika nchi hizi magari huendeshwa upande wa kulia. Sheria inataka watoto wadogo wafungwe katika viti vinavyolingana na kimo chao. Nchini Ujerumani hilo huwahusu wote walio chini ya miaka 12 na kimo cha chini ya sentimita 150. Katika miji ya Italia kuna maeneo yenye kamera yasiyoruhusu magari ya wageni, na faini hufika nyumbani likizo ikiwa imekwisha sahaulika. Kwa njia ya Amsterdam, Köln na Paris, gari halihitajiki.

Malazi na chakula

Nyumba ya kupanga yenye jiko na mashine ya kufua hushinda hoteli kwa familia yenye watoto wadogo. Mikahawa mingi ya Ufaransa huandaa chakula cha jioni kuanzia saa moja au saa moja na nusu, wakati mtoto wa Kenya anaanza kusinzia. Uji wa asubuhi na wali wa jioni uliopikwa nyumbani huokoa pesa na vilio. Kabla ya kulipa, mzazi aulize nyumba iko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti, kwa kuwa majengo mengi ya Amsterdam yana ngazi nyembamba zilizosimama wima.

Unga wa ugali na wa uji hubebeka bila shida. Nyama, maziwa na bidhaa zake haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya na abiria kutoka nje. Mursik ya kumpelekea shangazi hutupwa uwanjani. Maziwa ya unga ya watoto wachanga huruhusiwa yasipozidi kilo 2, yakiwa yamefungwa na kiwanda na hayahitaji jokofu. Matunda mengi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache yakiwemo ndizi, nazi, mananasi na tende. Maembe hayamo katika orodha hiyo.

Maduka mengi ya Ujerumani hufungwa Jumapili, yakiwemo ya vyakula. Familia inunue maziwa na mkate Jumamosi. Maji ya mfereji katika nchi hizi tatu ni salama kunywa, na chupa za kujazia hupunguza gharama.

Mahali panapowafaa watoto

Mtoto aliyeona simba katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hana haja ya kulipiwa amwone mwingine kizimbani. Apelekwe kwenye asichokiona nyumbani.

Karibu na Amsterdam, vinu vya upepo vya Zaanse Schans huwavutia watoto, na makumbusho ya sayansi ya NEMO, yaliyo katika jengo mfano wa meli, huwaruhusu kushika na kujaribu vitu. Pwani ya Zandvoort iko umbali wa takriban nusu saa kwa treni.

Köln ina kanisa kuu lililoanza kujengwa 1248 na kukamilika 1880, na liko hatua chache kutoka stesheni kuu. Mnara wake una ngazi 533, ambazo mtoto wa miaka 9 huzipanda kwa fahari na wa miaka 5 hubebwa mgongoni. Mzazi mmoja apande na mkubwa, mwingine abaki chini na wadogo. Kuna pia makumbusho ya chokoleti kando ya Mto Rhine, na mashua zinazopanda mto kuelekea Bonn.

Mjini Paris, makumbusho ya Louvre hayatozi walio chini ya miaka 18, lakini nafasi hutakiwa kuhifadhiwa kabla, na hufungwa Jumanne. Saa mbili humo zinatosha. Kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 15, 2019, lilifunguliwa tena Desemba 2024 na kuingia ni bure. Katika bustani ya Luxembourg watoto hukodishiwa mashua ndogo za kuchezea na kuzisukuma kwa ufito bwawani. Huenda hilo likakumbukwa kuliko Mnara wa Eiffel. Disneyland Paris, iliyofunguliwa 1992, iko takriban kilomita 32 mashariki mwa jiji na huhitaji siku nzima na bajeti yake.

Stesheni nyingi za treni za chini ya ardhi mjini Paris zina ngazi tupu. Basi ni rahisi zaidi kwa aliye na kigari, na watoto huona mji wakiwa safarini.

Afya

Jambo zito kuliko yote ni homa. Dalili za malaria huweza kujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto aliyetembelea Pwani au kanda ya Ziwa Victoria kabla ya safari huweza kuugua akiwa Köln au Paris, na daktari asiyekutana na malaria mara kwa mara akadhani ni mafua. Homa ikipanda, mzazi aende hospitalini mara moja, aseme wazi kwamba wametoka Kenya na aombe damu ya mtoto ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kuchelewa kwa siku moja au mbili huweza kugharimu uhai.

Ukambi nao umerudi Ulaya. Mwaka wa 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliandikisha zaidi ya visa 120,000 katika kanda yake ya Ulaya, ambayo hujumuisha pia Asia ya Kati. Wazazi wahakikishe watoto wamepata dozi mbili za chanjo, ambazo Kenya hutolewa wakiwa na miezi 9 na 18, na wabebe kijitabu cha kliniki au nakala yake. Katika nyasi ndefu na misitu ya Ujerumani kuna kupe wanaoambukiza magonjwa, hivyo miguu ya watoto ikaguliwe jioni.

Nambari ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, na haitozwi. Maduka ya dawa hutambulika kwa msalaba, wa kijani Ufaransa na herufi A nyekundu Ujerumani. Dawa za kila siku zibebwe na barua ya daktari.

Usalama na fedha

Stesheni kuu na treni zenye msongamano ni maskani ya wachomozi. Paspoti zigawanywe baina ya wazazi, na picha za hati zote zihifadhiwe kwenye simu na barua pepe. Kila mtoto avae mkononi utepe wenye nambari ya simu ya mzazi, ikiwa na tarakimu za 254 mwanzoni. Afundishwe kwamba akipotea asimame alipo, asitembee kutafuta.

Malipo mengi Ulaya hufanywa kwa kadi. Kaunta za kawaida za maduka hazipokei M-Pesa kama za nyumbani. Familia iwe na kadi mbili za akaunti tofauti na euro chache taslimu, kwa kuwa baadhi ya maduka madogo na vyoo vya umma hudai sarafu.

Kalenda ya matayarisho

Desemba na Januari: paspoti za familia zikaguliwe na zinazokaribia kuisha zibadilishwe. Bajeti iwekwe, na jamaa wa ng'ambo waulizwe mapema kama wataweza kukaribisha wageni.

Februari na Machi: njia ichorwe, malazi yanayoweza kufutwa yahifadhiwe, bima itafutwe na miadi ya viza iombwe.

Aprili na Mei: maombi yawasilishwe. Taarifa za benki na barua za mwajiri na shule ziwe za karibuni.

Juni: viza zikitoka, kila moja isomwe neno kwa neno: jina, nambari ya paspoti, tarehe, idadi ya siku na mara za kuingia. Hapo ndipo tiketi za ndege na treni hulipiwa.

Julai: watoto wapelekwe kliniki, viatu vipya vivaliwe nyumbani hadi vilainike, na tiketi za makumbusho zihifadhiwe.

Siku chache kabla ya kuondoka, wazazi waisome ratiba yao kwa mara ya mwisho na kufuta jambo moja. Daima huwa lipo moja lililozidi, na nafasi yake huchukuliwa na usingizi wa mchana wa kitindamimba, ambao ndio utakaoamua jioni ya watu watano itakavyokuwa.